Mjumbe wa Wakulima: Kirilo Japhet, Kesi ya Ardhi ya Meru na Kimya cha Punia

1.0 Utangulizi

Katika maandishi ya kihistoria yahusuyo Afrika ya Mashariki na Kongo, mkulima hutajwa mara nyingi kwa magunia aliyovuna na kodi aliyolipa, na mara chache kwa jina lake na kauli yake. Makala haya yanamwangalia mmoja wa wachache ambao majina yao yamesalia: Kirilo Japhet, Mmeru wa Tanganyika, ambaye mwaka 1952 alitumwa na wakulima wenzake hadi makao ya Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya Ngare Nanyuki waliyonyang'anywa.

Hoja kuu ya makala ni kwamba nguvu ya Kirilo haikutokana na cheo, kwani hakuwa nacho, wala na ufasaha peke yake. Ilitokana na mambo mawili. Kwanza, alikuwa mjumbe kwa maana kamili ya neno hilo: alitumwa na watu waliochanga fedha zao na waliomtazamia arudi kutoa habari. Pili, Tanganyika ilikuwa na mlango wa kisheria wa kupelekea malalamiko nje ya mamlaka ya Gavana. Ili uzito wa jambo hili la pili uonekane wazi, sehemu ya mwisho ya makala inailinganisha kesi ya Meru na harakati za wakulima wa India, kisha na hali ya wakulima wa Punia, katika Maniema, ambao walikuwa na madai mazito lakini hawakuwa na mlango wa namna hiyo.

2.0 Ardhi ya Mlima Meru Kabla ya 1951

Wameru wanaozungumziwa hapa ni wale wakaao kwenye miteremko ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, jirani na Waarusha na Wachaga. Si Wameru wa Kenya. Walikuwa wakulima wa migomba kwa asili, na baadaye wakawa wakulima wa kahawa. Ng'ombe wao walichungwa katika nyanda zilizo chini ya mlima, hususan upande wa kaskazini-mashariki, ambako mto wa Ngare Nanyuki huleta maji katika eneo ambalo kwa sehemu kubwa ni kavu. Mlima na nyanda vilikuwa sehemu mbili za uchumi mmoja: mlima ulitoa ndizi na kahawa; nyanda zilitoa malisho, magadi na nafasi ya vijana kuanzisha miji yao.

Uhusiano wa Wameru na dola ya kikoloni ulianza kwa damu. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Meru, na Wajerumani wakajibu kwa misafara ya adhabu iliyoua watu, kuteka ng'ombe na kuharibu migomba. Miaka michache baadaye, ardhi iliyo chini ya mlima ilianza kugawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Mashamba hayo makubwa yaliuzunguka mlima kama pete. Mmeru aliyetaka kuteremsha ng'ombe wake kutoka mlimani hadi malishoni alilazimika kupita kwenye ardhi ya mlowezi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui, na wengi walitazamia kwamba yangerudishwa kwa wenyewe. Sehemu kubwa yake iliuzwa kwa walowezi wapya. Hata hivyo sheria iliweka maneno ambayo baadaye yangegeuka kuwa silaha ya wakulima. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma, iliyo chini ya mamlaka ya Gavana, naye aitumie kwa manufaa ya wenyeji. Mkataba wa Udhamini wa mwaka 1946, ulioiweka Tanganyika chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, uliitaka serikali katika kutunga sheria za ardhi izingatie mila za wenyeji na kuheshimu haki zao.

Inafaa kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili, mdhamini ni mtu anayejifunga kwa ajili ya mwingine, akawa tayari kuwajibika kwa lile alilolisimamia. Mdhamini aliyekabidhiwa mali hawi mwenye mali. Kwa mantiki ya neno hilo, serikali iliyojiita mdhamini wa wenyeji haikuweza kuchukua ardhi yao ikampa mtu wa tatu bila kuvunja ahadi yake yenyewe. Kesi ya Meru, ikiondolewa mapambo yote ya kisheria, ilisimama juu ya hoja hiyo.

3.0 Ripoti ya Wilson na Uhamisho wa Ngare Nanyuki

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze tatizo la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, ambako msongamano wa watu mlimani ulikuwa umezidi. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1947. Ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na uhaba wa ardhi, na ilipendekeza baadhi ya mashamba ya walowezi yarejeshwe kwao. Lakini papo hapo ilipendekeza kwamba ardhi ipangwe upya kwa misingi ya rangi: Waafrika waondolewe katika ukanda ulio baina ya Mlima Meru na Kilimanjaro, ili ukanda huo uwe eneo moja la walowezi wa Kizungu, la ufugaji wa kisasa. Ngare Nanyuki, yaani mashamba yaliyoandikwa kwa nambari 31 na 328, ilikuwa ndani ya eneo hilo.

Serikali ilitetea mpango huo kwa lugha ya maendeleo. Ilisema kwamba ufugaji wa Wazungu ungeinua uchumi wa nchi nzima, na kwamba Wameru wangelipwa fidia na kupewa ardhi nyingine huko Kingori. Wameru walijibu kwamba Kingori kulikuwa kwa chini zaidi, kwenye joto na maradhi ya watu na mifugo, na kwamba hakuna aliyewauliza. Katika majibizano hayo pande mbili hazikuwa zikizungumzia kitu kimoja. Serikali ilihesabu eka. Wameru walihesabu makaburi, mifereji, makanisa na miaka.

Mwezi Novemba 1951, chini ya utawala wa Gavana Edward Twining, uhamisho ulitekelezwa kwa nguvu. Polisi na vibarua waliingia Ngare Nanyuki. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto. Mifugo ilikusanywa na kuondolewa. Watu wapatao 3,000 walipoteza makazi yao ili kupisha mashamba 13 ya walowezi. Wameru hawakupigana. Walikataa kutoka kwa hiari yao, walikataa kupokea fidia, na wengi wao walikataa kwenda Kingori, wakatafuta hifadhi kwa jamaa zao mlimani, ambako nafasi ilikuwa haba tayari. Ukataaji huo wa kimya ulikuwa uamuzi wa kisiasa. Aliyepokea fidia angekuwa amekubali kwamba mauzo yamefanyika.

4.0 Mjumbe na Waliomtuma

Kirilo Japhet alikuwa wa kizazi cha vijana wa Kimeru waliopitia elimu ya misheni ya Kilutheri. Kizazi hiki kilikuwa na sifa ya pekee. Kilijua kusoma na kuandika, kilijua jinsi ofisi ya Bwana Shauri ilivyofanya kazi, lakini hakikuwa na nafasi katika utawala wa Mangi, ambao serikali iliutumia kama mkono wake. Kwa sababu hiyo mgogoro wa ardhi uligeuka upesi kuwa mgogoro juu ya nani ana haki ya kuwasemea Wameru. Wakulima wengi waliona kwamba Mangi, akiwa mtumishi wa serikali, hangeweza kuishtaki serikali.

Jibu lao lilikuwa kuunda chama. Huko Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wamekwisha kuunda chama cha raia mwaka 1949 chini ya Petro Njau na Joseph Merinyo, nao uzoefu wao uliwafaa majirani zao. Wameru wakawa na Umoja wa Raia wa Meru, na Kirilo akawa mmoja wa viongozi wake. Jina hilo linastahili kutuliwa. Neno raia lilipoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu lilimaanisha watawaliwa, wale walio chini ya mfalme. Katika miaka ya 1950 maana yake ilikuwa ikigeuka, ikielekea kwa mtu mwenye haki juu ya serikali yake. Chama cha wakulima kilichojiita cha raia kilikuwa kikisukuma maana hiyo mbele, kabla taifa lenyewe halijapatikana.

Njia ya kuifikia New York ilifunguliwa na Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayoruhusu Baraza la Udhamini kupokea maombi ya wenyeji wa nchi za udhamini na kutuma wajumbe kuzikagua nchi hizo. Mwaka 1951 ujumbe wa ukaguzi ulifika Tanganyika, na Wameru wakauwekea malalamiko yao. Baada ya nyumba kuchomwa waliamua kwamba karatasi haitoshi. Lazima aende mtu. Fedha za safari zilichangwa na wakulima wenyewe. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi ya sheria huko Moshi, na aliyekuja kuwa jaji katika Tanzania huru.

Mchango wa fedha haukuwa jambo la hesabu tu. Ulimfunga mjumbe kwa waliomtuma. Kiongozi anayelipwa na serikali huiogopa serikali. Kiongozi anayesafiri kwa shilingi za wenye migomba na kahawa huwa na deni kwao. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya Kirilo na machifu wengi wa wakati wake, na ndipo anapostahili kuitwa kiongozi wa wakulima badala ya kuwa msemaji kwa niaba yao tu.

5.0 New York, 1952

Mwezi Julai 1952 Baraza la Udhamini liliijadili kesi ya Meru. Wajumbe wa Uingereza walitetea uhamisho kwamba ulikuwa sehemu ya mpango wa maendeleo ulio na faida kwa wote, na kwamba hapakuwa na njia nyingine. Baraza lilieleza masikitiko yake kwamba watu wamehamishwa pasipo ridhaa yao, likahimiza walipwe vyema na wasaidiwe, lakini halikutaka ardhi irudishwe. Katika Baraza hilo nchi zenye makoloni zilikuwa na viti sawa na nchi zisizo na makoloni, na matokeo hayo yalikuwa ya kutazamiwa.

Madai yakapelekwa mbele zaidi, kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambayo nchi zote wanachama zilikuwa na sauti ndani yake. Humo Kirilo alizungumza, na humo hali ilikuwa tofauti. Nchi za Asia, za Kiarabu na za Amerika ya Kusini, nyingine zikiwa zimetoka katika ukoloni juzi tu, zilimsikiliza mkulima huyu kama mtu aliyesema habari zao wenyewe. Kamati iliunga mkono azimio lililotaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lakini mwezi Desemba 1952, azimio hilo lilipofikishwa katika kikao cha Baraza Kuu lenyewe, halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Kwa maana ya kisheria, Wameru walishindwa.

Kushindwa huko hakupaswi kufichwa wala kupunguzwa. Familia zilizokuwa zimejibana mlimani hazikurudi Ngare Nanyuki kwa sababu ya safari ya Kirilo. Mjumbe alirudi mikono mitupu mbele ya watu waliomtuma kwa fedha zao. Swali la kihistoria ni kwa nini watu hao hawakumkataa.

6.0 Kutoka Kesi ya Ardhi Hadi Siasa ya Taifa

Jibu la kwanza ni kwamba alirudi, akasema yaliyotokea. Aliwaeleza Wameru, kisha akazunguka sehemu nyingine za Tanganyika akisimulia kesi yao. Lugha ya ziara hizo ilikuwa Kiswahili. Kimeru kingetosha kwa mlima mmoja. Kwa nchi nzima haikuwapo lugha nyingine ya kumfikisha mkulima wa kahawa kwa mkulima wa pamba. Kwa njia hiyo tatizo la mashamba mawili yenye nambari likawa tatizo la kila mwenye shamba. Aliyesikia habari za Ngare Nanyuki alijiuliza ni lini zamu yake ingefika.

Jibu la pili ni kwamba kesi ilibadili hesabu za serikali. Baada ya kelele za New York, kuwahamisha Waafrika kwa nguvu ili kuwapisha walowezi lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili katika Tanganyika. Huko Meru kwenyewe utawala wa kichifu ulifanyiwa marekebisho, na mwaka 1953 Sylvanus Kaaya alichaguliwa kuwa Mangi. Wakulima waliimarisha ushirika wao wa kahawa, wakisaidiwa na Anton Nelson, Mmarekani aliyeandika baadaye kitabu juu yao.

Jibu la tatu linahusu taifa zima. Chama cha TAA kilichochea moto wa kesi hii na chenyewe kikapata joto lake. Mwezi Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU. Na mwezi Machi 1955 Nyerere mwenyewe alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Njia aliyoipita ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mkulima wa Meru. Kirilo alikuwa miongoni mwa wanaharakati wa mwanzo wa TANU katika upande wa kaskazini. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo, na mwaka 1974 Ismael Mbise akaifanya kuwa kiini cha riwaya yake.

Mpango wa walowezi kule Ngare Nanyuki haukustawi kama ulivyotazamiwa. Wameru baadaye walirudi, na leo Ngarenanyuki ni kata ya Wilaya ya Meru ijulikanayo kwa kilimo cha nyanya.

7.0 Mlinganisho: India na Punia

Kesi ya Meru haikuwa ya pekee duniani. Mwaka 1917, katika wilaya ya Champaran, jimbo la Bihar, wakulima wa Kihindi walilazimishwa kutenga sehemu tatu kati ya ishirini za ardhi yao kwa kilimo cha nili kwa faida ya mabwana wa Kiingereza. Mkulima mmoja alimfuata Mohandas Gandhi hadi akakubali kwenda kuona. Gandhi alikusanya ushahidi wa maelfu ya wakulima, serikali ikaunda tume, na sheria ya mwaka 1918 ikaufuta utaratibu huo. Mwaka 1928, huko Bardoli, Vallabhbhai Patel aliwaongoza wakulima kukataa nyongeza ya kodi ya ardhi hadi ilipopunguzwa. Mwaka 1936 ulianzishwa Umoja wa Wakulima wa India nzima, na rais wake wa kwanza akawa Swami Sahajanand Saraswati, mtawa aliyeacha utulivu wa dini akaishi na wapangaji wa ardhi wa Bihar. Katika mifano hiyo yote kuna mambo yale yale: ushahidi unaokusanywa, ukataaji bila silaha, na chombo fulani cha kupelekea madai, kiwe tume, mahakama au magazeti.

Mwaka huo huo wa 1917, amri ya serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliweka kilimo cha lazima. Kila mwanamume wa kijijini alipaswa kufanya kazi siku 60 kwa mwaka katika mazao aliyoagizwa. Katika Maniema mazao hayo yalikuwa hasa mpunga na pamba. Aliyekaidi alitozwa faini, alifungwa au alichapwa kiboko. Katika eneo la Punia, lenye misitu mikubwa na machimbo ya bati, mzigo ulikuwa wa namna mbili: vijiji vilidaiwa vijana wa kwenda machimboni, na vilevile vilidaiwa chakula cha kuwalisha waliokwenda. Mkulima wa Meru alinyang'anywa ardhi. Mkulima wa Punia aliachiwa ardhi akanyang'anywa uamuzi juu ya nini apande, lini, na auze kwa bei gani.

Madai ya wakulima hao hayakuwa hafifu kuliko yale ya Champaran au ya Ngare Nanyuki. Kilichokosekana ni mlango. Kongo ilikuwa koloni, si nchi ya udhamini. Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji hao hao, ilikaguliwa na Umoja wa Mataifa na watu wake waliweza kupeleka maombi, Punia haikuweza. Hapakuwa na baraza ambalo lingelazimika kulipokea ombi la mkulima wa Kikumu, hata kama angelipata wakili wa kuliandika na jirani wa kumchangia nauli.

Panapokosekana mlango, malalamiko hayafi. Hutafuta njia nyingine. Mwaka 1944, katika maeneo ya Masisi na Lubutu, Lubutu ikiwa jirani ya Punia, Wakumu wengi waliinuka chini ya uongozi wa Bushiri Lungundo, mtu wa Kitawala, aliyetangaza mwisho wa utawala wa Wazungu kwa lugha ya dini. Serikali ilituma askari, na watu wengi wakauawa. Katika kumbukumbu za utawala tukio hilo liliandikwa kama ushirikina wa hatari. Lakini ukilitazama pamoja na mpunga wa lazima, machimbo na kiboko, linasomeka pia kama ombi ambalo halikuwa na mahali pa kupelekwa. Waswahili husema mjumbe hauawi. Methali hiyo inadhani kwamba yupo wa kumpokea mjumbe.

8.0 Hitimisho

Maisha ya kisiasa ya Kirilo Japhet yanaonyesha kwamba kiongozi wa wakulima hupimwa kwa mambo ambayo kura za New York hazikuyapima: ametumwa na nani, amesafiri kwa fedha za nani, na alirudi kumwambia nani. Kwa vipimo hivyo alifaulu, ingawa azimio lake lilianguka. Mlinganisho na Punia unaongeza jambo jingine. Tofauti kati ya wakulima wa Meru na wale wa Maniema haikuwa tofauti ya ujasiri wala ya upevu wa kisiasa, kama waandishi wa kikoloni walivyopenda kudhani. Ilikuwa tofauti ya hadhi ya kisheria iliyoamuliwa mbali na wote wawili.

Suala hili halijawa la zamani. Katika Kongo, sheria ya mwaka 1973 iliitangaza ardhi yote kuwa mali ya dola, ikaahidi kwamba ardhi za kimila zingewekewa utaratibu wake kwa amri ya rais, na amri hiyo haikutolewa. Tanzania, kwa upande wake, ilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999. Sheria huweza kufungua mlango au kuufunga. Lakini mlango uliofunguliwa bila mjumbe wa kuupita hubaki ubao tu. Wameru walichanga wakampata mjumbe. Historia ya wale waliochangishwa kiboko na mpunga, pasipo baraza la kuwasikiliza, bado inasubiri watafiti watakaokwenda Punia na Lubutu kuwauliza wazee na kuyaandika majibu yao katika Kiswahili kile kile wanachokisema.